Ndugu wa Kukodi: Nani Anajua Kwamba Ni Mchezo?

Mwanamume mmoja amelala ndani ya jeneza. Waombolezaji wamekaa kwa safu na mavazi meusi, na mmoja baada ya mwingine anasimama kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Mara marehemu anafumbua macho na kuinuka. Hajafa. Alitaka kusikia angesemwaje siku akifa, na kwa kuwa hakuwa na hakika kama kuna atakayekuja, akalipia watu waje. Kati ya waliolipwa yumo Mmarekani mmoja mwenye mwili mkubwa, ambaye kazi yake siku hiyo ni moja tu: kuwa Mmarekani mwenye huzuni.

Ndivyo filamu ya Rental Family inavyomwingiza Phillip, mwigizaji aliyekaa Tokyo miaka saba na ambaye umaarufu wake wote umetokana na tangazo la dawa ya meno. Anachezwa na Brendan Fraser, mshindi wa Oscar wa mwaka 2023. Filamu imeongozwa na Hikari, mwanamke mzaliwa wa Osaka, ambaye pia aliiandika akishirikiana na Stephen Blahut. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto Septemba 2025, na Novemba mwaka huohuo ikaingia kwenye kumbi za sinema za Marekani.

Baada ya mazishi yale, mwenye kampuni, Shinji (Takehiro Hira), anamwajiri Phillip. Kampuni yake inakodisha ndugu: baba, mchumba, rafiki, mwombolezaji, yeyote anayehitajika. Phillip anashtuka kwanza, kisha kodi ya nyumba inamkumbusha kwamba anahitaji kazi.

Watazamaji wengi hutoka na maswali mawili. La kwanza, je, haya mambo yapo kweli? La pili ni gumu zaidi: mapenzi yaliyolipiwa yanaweza kuwa ya kweli? Nitayajibu yote mawili, ingawa kwa maoni yangu swali la pili limeulizwa vibaya, na ndiyo maana watu hulizunguka bila kufika popote. (Kama hujaitazama filamu na hupendi kusimuliwa mwisho, hapa pana mengi yatakayokuudhi.)

Biashara yenyewe

Ndiyo, ipo, na si ya jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magazeti ya nje yalianza kuandika kuhusu kampuni moja ya Tokyo iliyokuwa ikiendeshwa na mwanamke aitwaye Satsuki Oiwa. Kazi yake ya awali ilikuwa mafunzo ya wafanyakazi wa makampuni. Baadaye akaanza kuwatuma watu kwenye nyumba za wazee, wacheze nafasi ya watoto na wajukuu. Ziara ya saa chache ya "mwana," "mkwe" na mtoto mchanga iligharimu zaidi ya dola 1,000 za wakati ule. Kisa kilichosimuliwa sana ni cha wenzi waliomkodi kijana aje kusikiliza masaibu ya baba. Mwana wao wa kuzaa alikuwepo, tena akiishi nao nyumba moja, ila alishachoka kuzisikia hadithi zilezile. Mjukuu wao naye alishakua, na wazee walikuwa wamekumbuka kugusa ngozi ya mtoto mchanga.

Kisa hiki kinafaa kuwekwa akilini kwa sababu kinavunja dhana ya kwanza ambayo watu huja nayo, kwamba wanaokodi ndugu ni wale wasio na ndugu. Hawa walikuwa nao. Walichokosa ni ndugu mwenye subira.

Tangu hapo biashara imetanuka, na kazi zake hazifanani hata kidogo. Kuna za kujaza viti, yaani wageni wa harusini na waombolezaji. Kuna za kubeba aibu ya mtu, kama vile kwenda kuomba radhi kwa niaba ya mteja. Na kuna za kuziba pengo: baba kwa mtoto asiye na baba, mke kwa mjane, rafiki kwa asiye na wa kuongea naye. Wanaoandika kuhusu Japani hupenda kundi hili la tatu kwa sababu linatoa machozi, lakini nadhani kundi la kwanza ndilo linaloeleza zaidi jinsi mambo yanavyokwenda, basi tulitazame kwa karibu.

Katika karamu ya harusi ya Kijapani, kila mgeni hukuta mezani karatasi iliyochapwa yenye mpangilio wa viti. Kila jina limeandikwa pamoja na cheo au uhusiano: bosi wa bwana harusi, rafiki wa bibi harusi tangu sekondari, mjomba. Fikiria bibi harusi ana watu arobaini upande wake na bwana harusi ana tisa. Hakuna haja ya mtu kusema neno; karatasi imekwisha kusema, na wakwe wanaisoma taratibu huku wakisubiri supu. Labda bwana harusi alifukuzwa kazi mwezi uliopita na hana bosi wa kumwalika. Labda aligombana na kwao. Hapo ndipo anapopiga simu.

Mgeni wa kukodi hutumiwa maelezo mapema: jina atakalotumia, alikofahamiana na bwana harusi, kazi waliyofanya pamoja, jina la utani, na mambo ya kutoyagusa. Siku yenyewe, pale mlangoni, anatakiwa kuandika jina kwenye kitabu cha wageni. Linakuwa jina lisilo lake, na mkono usisite. Kisha anatoa bahasha ya zawadi, ambayo kwa desturi huwa na yeni 30,000 kwa mgeni wa kawaida. Fedha zile ni za bwana harusi mwenyewe. Amempa mapema, naye anazirudisha kwenye meza ya mapokezi mbele ya macho ya watu. Fedha imetoka kwake na kurudi kwake, ikiwa imezunguka njia ndefu ili ionekane.

Ukitazama hivyo, utaona kwamba katika shughuli yote ile hakuna aliyenunua upendo. Kilichonunuliwa ni utulivu wa wakwe.

Kwa nini Japani

Jibu jepesi ni upweke, na takwimu zake ni nzito kweli. Katika sensa ya mwaka 2020, asilimia 38 ya kaya za Japani zilikuwa za mtu mmoja. Februari 2021 serikali iliteua waziri wa kushughulikia upweke, na Aprili 2024 ikaanza kutumika sheria mahususi ya kupambana na upweke na kutengwa. Polisi walihesabu watu 76,020 waliokuwa wakiishi peke yao na waliokutwa wamekufa majumbani mwao katika mwaka 2024. Zaidi ya robo tatu walikuwa na miaka 65 na kuendelea.

Lakini upweke upo kila mahali, na Uingereza ilipata waziri wake wa upweke mapema zaidi, mwaka 2018, bila kuota sekta ya ndugu wa kukodi. Kwa hiyo upweke peke yake hautoshi. Mara nyingi kinachomsukuma mtu kukodi ni fomu yenye nafasi mbili za wazazi ilhali yeye ni mmoja.

Chukua Hitomi katika filamu, mama anayemlea peke yake binti yake, Mia, na anayemkodi Phillip awe baba wa mtoto. Anataka mwanawe aingie shule nzuri ya binafsi. Shule za msingi za aina hiyo Japani huwapima watoto wakiwa na miaka mitano au sita, na wazazi huitwa kwenye usaili, kwa kawaida wote wawili, wakiwa wamevaa suti za bluu iliyoiva. Hitomi hana mume wa kukaa kiti cha pili. Na nchini humo, mama asiye na mume huonekana haraka: watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni kama asilimia 2 tu. Hata waliozaliwa ndani ya ndoa, wazazi wakiachana, sheria ilitaka haki ya malezi ibaki kwa mmoja pekee, na mwingine akaweza kutoweka kabisa katika maisha ya mtoto. Mei 2024 bunge lilipitisha marekebisho yanayoruhusu malezi ya pamoja baada ya talaka, lakini kizazi kizima kimekulia chini ya utaratibu wa zamani.

Au mchukue Yoshie, msichana ambaye Phillip anamwoa katika kazi yake ya kwanza kubwa. Yoshie ana mpenzi mwanamke na wanataka kuhamia nje ya nchi. Ndoa za jinsia moja hazitambuliwi na sheria ya taifa Japani. Wazazi wake wangependa kumwona akiolewa, basi anawapa harusi: mavazi, picha, sherehe, na bwana harusi Mmarekani ambaye atamchukua kwenda mbali, jambo litakaloeleza kwa nini hawaonekani tena. Mtazamaji asiyeijua Japani anaweza kudhani Phillip sasa ana mke kisheria. Hapana. Huko sherehe haifungi ndoa. Ndoa hufungwa kwa fomu inayopelekwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Bila fomu, harusi inabaki kuwa karamu. Ndiyo maana biashara inaweza kuuza sherehe nzima ya harusi bila kuuza ndoa.

Kwa hiyo wateja hawa wawili hawatafuti joto la familia. Wanatafuta kupita kwenye mlango ambao jamii imeutengeneza kwa umbo moja tu. Sipendi makala zinazowachora Wajapani kama watu wa ajabu waliosahau kupendana. Zinawapumzisha wasomaji mahali pasipostahili. Jamii yoyote inayopima watu kwa idadi ya ndugu wanaoketi upande wao inaweza kuzaa soko hili.

Pale waandishi wenyewe walipochezewa

Kabla ya kufika kwenye fundo lenyewe, lazima msomaji ajue kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inaamini kuhusu biashara hii imepitia mikono ya watu ambao kazi yao ni kuigiza.

Mwaka 2018 jarida la The New Yorker lilichapisha makala ndefu na nzuri mno kuhusu ndugu wa kukodi. Ilishinda tuzo kubwa ya majarida ya Marekani mwaka uliofuata. Desemba 2020 jarida likatangaza kwamba watu watatu waliohojiwa walikuwa wametoa maelezo ya uongo kuhusu nafsi zao au maisha yao. Mjane mpweke na mama aliyemkodia mwanawe baba hawakuwa walivyojieleza. Tuzo ikarudishwa. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, nalo lilikuwa limeshakumbwa na jambo hilohilo: mwaka 2019 lilikiri kwamba watu waliojitokeza kama wateja katika kipindi chake kuhusu biashara hii walikuwa na uhusiano na kampuni iliyokuwa ikionyeshwa.

Mkongwe wa filamu Werner Herzog ndiye aliyecheza karata zake vizuri. Katika Family Romance, LLC, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2019, alimchukua Yuichi Ishii, mwanzilishi wa kampuni ya jina hilo, akamfanya mhusika mkuu anayejicheza mwenyewe, akiwa amekodiwa kuwa baba wa msichana. Mtu alipotaka kujua kipi humo ni kweli, Herzog hakuwa na deni: ilikuwa hadithi ya kutungwa tangu mwanzo.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba basi yote ni uzushi. Hapana. Makampuni yapo, wageni wa harusini wapo. Yanayopaswa kupokewa kwa tahadhari ni yale masimulizi ya kuliza, ya mtoto aliyelelewa miaka na baba wa mkataba asijue. Inawezekana yapo, ila waliotusimulia walikuwa na sababu ya kutia chumvi. Na ona jinsi tulivyokuwa tayari kuamini. Msomaji wa jarida naye alitaka kuguswa moyo, akauziwa.

Fundo

Sasa lile swali: mapenzi ya kulipiwa ni ya kweli au ya uongo?

Tuanze na upande wa anayelipwa. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika kuhusu wahudumu wa ndege na kazi yao ya kutabasamu. Alitofautisha uigizaji wa aina mbili. Kuna wa juujuu, ambapo uso unacheka na moyo umenuna. Na kuna wa ndani, ambapo mfanyakazi anajisukuma mpaka ahisi kweli kile anachotakiwa kukionyesha: anamfikiria abiria mkorofi kama mtoto mwenye hofu, na huruma inakuja yenyewe. Huruma ile si ya bandia. Imechochewa na mshahara, lakini iko kifuani. Gharama yake ni kwamba baada ya muda mtu anaweza kushindwa kutenganisha hisia alizojitengenezea na zile zilizomjia.

Phillip ni mwigizaji. Uigizaji wa ndani ndio ufundi wake. Ukimwambia awe baba wa mtoto wa kike saa kadhaa kwa wiki, utashangaa vipi akianza kumpenda? Ingekuwa ajabu asingempenda.

Wala fedha si sumu kama tunavyopenda kusema. Yaya hulipwa kila mwezi na bado analia siku mtoto anapoanza shule. Hakuna anayemwambia yaya kwamba machozi yake ni ya uongo kwa sababu alipokea mshahara. Malipo huleta watu pamoja. Yanayotokea baada ya hapo hayamo kwenye stakabadhi.

Kwa hiyo nikiitazama kazi moja moja katika filamu, sijiulizi kama kuna hisia za kweli, maana karibu kila mahali zipo. Najiuliza: nani anajua kwamba ni mchezo, na nani hajui?

Mtu wa kwenye jeneza anajua kila kitu. Ni yeye mwenyewe aliyeandaa. Anachekesha, anasikitisha, lakini hakuna aliyedhulumiwa, na sifa alizosikia zimemfaa hata kama zimeandikwa na kampuni. Mteja wa namna hii yupo hata nje ya sinema. Tangu 2012 Japani kuna huduma ya kukodi mwanamume wa makamo kwa yeni 1,000 kwa saa, akupe ushauri au akusikilize tu. Na tangu 2018 Shoji Morimoto amejipatia umaarufu kwa kujikodisha asifanye chochote: anakaa karibu na mtu anayejaza fomu ya talaka, au anampungia mkono msafiri kituoni. Hajifanyi mjomba wa mtu. Hakuna siri, hivyo hakuna wa kuumia siri ikitoka.

Harusi ya Yoshie ni ngazi nyingine. Bibi harusi anajua, bwana harusi anajua, wazazi hawajui. Hapa naona watu wakigawanyika, na mimi niko upande wa Yoshie, japo si kwa raha. Wazazi wamedanganywa, ndiyo. Lakini wamedanganywa na mtu mzima anayelinda maisha yake mwenyewe, kuhusu jambo ambalo, kama wangeliuliza kwa upendo, wasingelazimika kudanganywa.

Kisha kuna kazi za Aiko (Mari Yamamoto), mfanyakazi mwenza wa Phillip, na hizi ndizo chafu. Mume amechepuka, mke amegundua, anamtaka huyo mchepuko aje aombe radhi. Mume anamkodi Aiko aje kama mchepuko. Aiko anainamisha kichwa, anatukanwa, anapigwa, na mke anaondoka akiamini amemwonyesha mwizi wake. Mume amenunua msamaha wa mkewe kwa uso wa mwanamke mwingine. Ukitaka kupima uovu wa kazi ya aina hii, usitazame machozi ya Aiko peke yake. Tazama kwamba mke amepewa haki bandia. Hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa, ikatumiwa hadi ikaisha, na aliyeumiza hakuguswa.

Hapo ndipo Mia anapokaa, tena vibaya zaidi, maana ni mtoto. Watu wazima wawili wamekubaliana juu ya kichwa chake. Mama anasema huyu ni baba yako aliyekuacha, amerudi. Mia (Shannon Mahina Gorman) kwanza anamkasirikia, kama inavyotakiwa. Baba aliyepotea miaka yote hawezi kurudi na tabasamu akadhani yamekwisha. Hasira ile inamgharimu. Inamchukua muda kuilegeza, na anapoilegeza anakuwa ametoa kitu kikubwa kuliko chochote alichotoa Phillip. Amesamehe. Lakini amemsamehe mtu ambaye hakumkosea, na yule aliyemkosea hayupo na hajui.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema "ilimradi mtoto alifurahi." Furaha ilikuwepo. Tatizo ni kwamba kila siku nzuri anayoipata Mia inaongeza deni la siku atakayojua. Katika kazi nyingine uigizaji ukifanywa vizuri mteja ananufaika zaidi. Katika hii, Phillip akiifanya vizuri zaidi ndivyo atakavyoumiza zaidi. Na lazima ajue siku moja, kwa sababu baba wake huyo ana tangazo la dawa ya meno.

Kikuo (Akira Emoto) ni mzee, mwigizaji mstaafu ambaye kumbukumbu inamponyoka. Binti yake anamkodi Phillip ajifanye mwandishi wa habari aliyekuja kumhoji, ili baba asijione amesahauliwa. Mzee hajui. Kwa kipimo changu hii nayo ingekuwa udanganyifu, lakini siwezi kuipima sawa na ya Mia. Mzee ana mengi ya kusema na mtu wa kumsikiliza amekuja kweli. Maswali ni ya kweli, majibu ni ya kweli. Kilicho cha uongo ni gazeti. Halafu Kikuo anamwomba Phillip ampeleke kwao alikotoka, jambo ambalo binti amekataza. Phillip anampeleka kwa siri. Filamu inataka tushangilie, na mandhari ni nzuri kiasi cha kumsahaulisha mtu. Mimi nilimfikiria binti. Anafika nyumbani, baba mwenye maradhi ya kusahau hayupo, na aliyempa ufunguo wa kuingia katika maisha ya mzee ni yeye mwenyewe, kwa fedha zake. Phillip anakamatwa, na sioni polisi walikosea wapi.

Hata hivyo, hapo ndipo mkataba unapovunjika. Mpaka dakika ile, kila alichompa Kikuo kilikuwa kimeagizwa na mtu mwingine. Safari haikuagizwa na anayelipa. Iliombwa na mzee, na ilikuwa na hasara kwa Phillip. Sisemi alifanya vyema. Nasema kwa mara ya kwanza alifanya kitu cha ndugu, na ndugu wana sifa ya kufanya mambo ya kijinga kwa sababu wameombwa.

Shinji na nyumba yake

Kama kipimo cha "nani anajua" kingetosha, Shinji angekuwa mtu mwenye amani kuliko wote. Tunamwona akirudi nyumbani jioni, mke ameandaa chakula, kijana wake yupo, wanaongea mambo ya siku. Baadaye filamu inatuonyesha kwamba mke na mtoto ni wa kukodi. Shinji anajua. Wao wanajua. Hakuna aliyedanganywa isipokuwa sisi watazamaji. Na bado hiyo ndiyo nyumba yenye baridi kuliko zote katika hadithi nzima.

Hili lilinisumbua, kwa sababu linaonyesha kwamba ukweli unasafisha mchezo bila kuugeuza kuwa undugu. Kuna kitu kingine kinachokosekana, na nadhani ni kero. Ndugu wa kukodi hakukopi. Haugui usiku wa manane. Hakuletei maneno ya mkweo, hakuudhiki ukichelewa, hana msiba wake wa kukutaka uvunje ratiba yako uende. Saa zikiisha anavaa koti lake. Huduma yote imejengwa ili mzigo uelekee upande mmoja: mteja anatua, mfanyakazi anabeba. Undugu unaelekea pande zote mbili, ndiyo maana unachosha, na ndiyo maana yule mwana wa kuzaa wa wale wazee alishindwa kusikiliza hadithi za babake mara ya mia ilhali kijana wa kukodi aliweza. Kijana wa kukodi hakuwa na historia nao. Hakuwahi kunyimwa kitu na mzee yule wala kupigwa naye.

Kwa hiyo Shinji amejitengenezea familia isiyoweza kumwomba chochote. Mke wake hawezi kusema "leo nimechoka, pika wewe," labda Shinji awe ameandika maneno hayo kwenye maelezo ya kazi.

Turudi kwa Mia, kwa sababu hapo ndipo filamu inapokuwa na la kusema kuliko mahali pengine popote. Siri inatoka. Mia anagundua kwamba mtu aliyemwita baba ni mwigizaji, na anavunjika. Phillip hawezi tena kuja kama baba. Nafasi hiyo imekufa, na hakuna kampuni ya kuifufua. Anachofanya baadaye ni kuja na jina lake halisi, kama mtu aliyemkosea mtoto na anayetaka kumjua. Sasa mambo yamegeuka. Yeye ndiye mwenye shida. Mia ana uwezo wa kumfukuza, mama pia ana uwezo wa kumfukuza, na hakuna anayelipwa kukubali. Miezi yote ya ubaba hakuwahi kuwa na kitu cha kupoteza mbele ya mtoto yule isipokuwa ujira.

Mimi ningependa filamu ikae hapo zaidi. Inapita haraka, muziki unapanda, na mtoto anamkubali upesi kuliko ninavyoweza kuamini, wakati mama aliyepanga uongo wote anasamehewa karibu bila kuulizwa. Fraser ana uso unaoomba msamaha hata akiwa amesimama tu, na mwongozaji ameutumia uso huo kulipia deni ambalo hadithi ilipaswa kulilipa kwa muda. Mtoto wa namna ya Mia, nje ya sinema, angeweza kuchukua miaka kabla ya kuongea naye tena, au angekataa kabisa, na Phillip asingekuwa na mkataba wowote wa kumwonyesha.